ALIINUA NYUMA PIKAPU YA MAREHEMU BABA YAKE, MLIMA KITONGA UKAMUULIZA VIDOLE VITATU

Jumamosi jioni, Mbezi. Jamaa alipaki pikapu pembeni ya barabara, akarudi nyuma hatua kumi, akaipiga picha ubavuni. Maneno aliyoweka chini yake yalikuwa mawili tu: "Mnyama kasimama." Ni Hilux ya zamani, nyeupe iliyochoka, ila nyuma imenyanyuka balaa, imebinuka kama inasubiri singeli ianze. Washkaji wakamwaga moto kwenye status. Mchumba wake ndiye pekee aliyekuja tofauti: "Mbona imekaa kama panzi?"

Akamjibu kwa emoji ya kucheka, yakaisha.

Gari yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake. Mzee aliitumia miaka mingi kubeba nyanya, na springi za nyuma zilichoka kabla hata yeye hajaanza kuumwa. Ikisimama, pua iko juu, mgongo umelala. Usiku taa zinapiga machoni mwa wanaokuja mbele, basi kila bodaboda anayepishana naye anamwashia full na tusi juu yake. Akienda kumchukua mchumba alikuwa anapaki mbali na geti. Kulikuwa na aibu nyingine pia, ambayo hakumwambia mtu. Alihisi mtaa mzima ukiiona ile gari imeinama nyuma unasema tangu mzee aondoke, na nyumba yake imeinama.

Alianzia Gerezani kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea mzee. Yule akaingia uvunguni, akatoka, akamwambia springi zishushwe, majani yakunjwe upya, liongezwe jani moja. Siku mbili, na hela si haba. Kijana akauliza kuhusu bloku alizoziona mtandaoni.

"Bloku inainua gari, baba. Haiinui springi," fundi akasema.

Tusidanganyane, mwenye miaka 26 na pochi nyepesi anasikia bei tu. Akarudi zake Mbezi, akampata fundi wa chini ya mwembe. Bloku ni kipande cha chuma, chake kilikuwa cha inchi mbili, kinakaa kati ya difu na springi. Unatoa yu-bolti fupi, unaweka ndefu, unakaza. Saa moja na nusu gari iko juu. Springi ni zile zile zilizochoka, sema zimevalishwa raizoni. Na kweli ilipendeza. Hata taa ziliacha kuangalia mbinguni.

Bi mkubwa aliizunguka mara moja, akaigusa bodi, akasema, "Haya." Kisha akaingia ndani kuendelea na mapishi.

Wiki iliyofuata wakaenda Ilula kufuata nyanya, mama na mwana. Mama ndiye mwenye biashara na ndiye anayejua wakulima. Kijana ni dereva. Kupanda Kitonga gari tupu hakukuwa na shida, ila kila akiondoka kwa nguvu kulikuwa na mgongo mdogo huko nyuma, du! Akajisemea ni upya wa yu-bolti. (Haukuwa upya. Bloku inalipa difu nafasi ya kujipinda, na springi zilizolegea zinajipinda nalo.)

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Marehemu hakuwa na mizani. Alikuwa na vidole. Chini ya chasisi, juu ya difu, kuna mpira mweusi wa kupokea difu lisigonge chuma. Mzee alikuwa akipakia anainama, anapitisha vidole vitatu kati ya difu na mpira. Vikianza kubana, anainua mkono: basi. Kijana alikua akiliona hilo tangu anasimamia tairi kuchungulia. Na siku hiyo alifanya vile vile, kwa heshima zote. Kwa kawaida ile gari ilikuwa inabeba matenga 18. Yakapanda 18, vidole vinacheza. Yakapanda 20. Yakapanda 24, vidole vitatu bado vinapita na nafasi inabaki. Akafurahi kwamba kazi ya fundi wake imelipa.

Alichosahau ni zile inchi mbili. Bloku ilikuwa imelisogeza difu mbali na ule mpira, kwa hiyo kipimo cha baba kikawa kinasema uongo. Springi zilikuwa zimeshanyooka, zimeanza kupinda kwenda upande ambao hazikutengenezwa kupinda, na mpira uliotakiwa kuzizuia haujafikiwa. Kwa macho, gari ilikuwa imekaa sawa kabisa.

Kitonga waliifikia saa kumi na moja alfajiri. Anayeijua ile barabara anajua: kona kali juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yanashuka mwendo wa kobe. Kijana alikuwa gia ya nne. Akakanyaga breki, pua ikazama, nyuma ikawa inasukuma kama kuna mtu amekasirika huko. Akakanyaga tena, pedeli ikashuka chini zaidi. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Kwenye kona iliyofuata kitu kikalia chini, pwaa! Gari ikavutia kushoto.

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Akasema taratibu, kama anayemkumbusha mtoto kufunga mlango:

"Baba yako hapa alikuwa anashuka na gia ya pili, mwanangu."

Akaipiga ya tatu, injini ikapiga kelele. Akaipiga ya pili. Mbele taa nyekundu za lori zinazidi kuwa kubwa. Akavuta hendibreki, akalikuta eneo dogo pembeni, gari ikasimama kwa kusitasita. Mama alishuka kabla yake, kajifunga kanga kiunoni, akatafuta jiwe la kuweka mbele ya tairi. Juisi ya nyanya ilikuwa inadondoka barabarani.

Breki zilipopoa walijikokota na gia ya kwanza mpaka Ruaha Mbuyuni. Fundi wa pale, mtu mzima, alilala chini na tochi. Majani mawili ya springi yamekatika. Hozi ya breki ya nyuma imevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu akamwita kijana alale naye chini, amwoneshe kitu. Kuna vali kwenye chasisi yenye mkono wa chuma ulioshikana na difu. Mzigo ukiingia, gari inashuka, mkono unasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari ikiwa juu, vali inajua haina mzigo, inazibania.

"Wewe umeiambia gari iko tupu," mzee akasema. "Imekuamini."

Breki za mbele zilikuwa zimeshusha zaidi ya tani moja peke yake. Kijana alibaki amelala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Matenga 9 waliyauza palepale kwa bei ya kutupa. Mama ndiye aliyepatana na wanunuzi. Njia nzima mpaka Dar hakumlaumu, na kusema kweli kukaa kimya kwa bi mkubwa kunauma kuliko makofi.

Gerezani hakupokelewa kwa maneno mengi pia. Bloku zikatoka, majani yakakunjwa, likaongezwe moja, hozi mpya, vali ikapimwa na mzigo ukiwa juu. Gari sasa imepanda kama inchi moja tu kuliko ilivyokuwa enzi za mzee. Haipigiki picha. Mchumba kaiangalia akasema afadhali, panzi kaondoka.

Safari iliyofuata ya Ilula, tenga la 16 likiwa linapanda, mama aliinama mwenyewe nyuma ya tairi. Akapitisha vidole. Akavitoa, akaviangalia, akanyanyuka akijifuta vumbi.

"Vyangu vyembamba," akasema. "Njoo uweke vyako."