Kwa Wakwe, Kabambare

Tuliondoka Kasongo baada ya sala ya alfajiri, pikipiki mbili, kila moja na mzigo wake. Ya kwanza ilimbeba shangazi yangu. Ya pili nilipanda mimi, na nyuma yangu dereva alikaza kwa mipira gunia la mchele, dumu la mawese na furushi la juzuu za kusomea khitma. Tulikuwa tunakwenda kwenye arobaini ya babu yangu. Ukoo ulitutuma shingo upande, maana Babu alifanya jambo ambalo wazee wetu wa Kasongo hawakulimeza: alikwenda kufia ukweni.

Kwetu mwanamke ndiye huzikwa kwa mumewe. Mwanamume mwenye ukoo wake, nyumba yake na msikiti alioswalia tangu ujana hafungi virago uzeeni akaenda kukaa kwa shemeji zake. Babu alifunga. Cherehani yake ilitangulia kwenye baiskeli ya mfanyabiashara wa chumvi, naye akafuata siku chache baadaye na fimbo mkononi na kofia kichwani. Alipoulizwa anarudi lini, alijibu kwamba mke wake yuko kule.

Kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Nyasi za kando ya njia zilikuwa zimechomwa, majivu yanaruka na vumbi jekundu, na kwenye madaraja ya magogo tulishuka tukavuka kwa miguu huku madereva wakisukuma. Mara mbili tatu tulikuta kamba imetandwa njiani, kijana ameketi kando, tukatoa kilichotakiwa tukapita. Shangazi hakusema neno. Kila tulipopumzika alifungua furushi akahakikisha juzuu hazijaingia vumbi.

Barabara hii ina majina makubwa. Ni kipande cha njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip na watu wake waliitumia kusafirisha meno ya tembo na binadamu waliofungwa minyororo. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, na mwaka uliofuata alikwama huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Aprili 1893 jeshi la Mbelgiji Dhanis liliingia Kasongo ya zamani, ile tunayoiita Tongoni, na Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji. Nimeyasoma hayo tangu shuleni na sitaki yasahaulike. Lakini watu walioijua njia hii kwa nyayo zao ni wengi kuliko walioandikwa, na wengi wao walikuwa wanakwenda kusalimu wakwe.

Babu alikuwa fundi wa kushona. Alifika upande wa Kabambare mara ya kwanza kwa ajili ya pamba. Tangu mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe, na katika Maniema yetu zao hilo lilikuwa pamba. Asiyelima alionja jela au kiboko. Msimu wa kupima pamba ndio siku pekee ambazo mkulima alishika fedha kidogo, na mafundi wa Kasongo walijua. Babu alikuja na cherehani kichwani, akaketi chini ya mwembe karibu na mizani, akashona. Binti mmoja alileta kikwembe akitaka blauzi. Babu alipomaliza alikataa malipo. Baba wa binti akaja juu mbele za watu: kwake hawashonewi bure. Babu akapokea senti zake, akainamisha kichwa. Mwaka uliofuata alirudi na wazee wawili na mbuzi wa mahari. Hayo yote yalikuwa kabla ya Uhuru wa 1960, na ninayajua kwa sababu Bibi aliyasimulia kila alipotaka kumchokoza.

Baada ya harusi Bibi alihamia Kasongo, na kila kiangazi alikwenda kuwaona wa kwao. Waume wengine walimpa mke mtoto wa kumsindikiza. Babu alifunga kibanda akaenda naye, kwa miguu, wakilala vijijini, yeye amebeba kuku wa zawadi na mkeka. Majirani walimcheka kwamba amegeuka mpagazi. Alipopata baiskeli, Bibi alikaa kwenye keria, na kila penye mlima alishuka akaisukuma kwa nyuma.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu mwezi wa Julai, na vita vikatufikia nasi huku kusini. Watu wa Kasongo walikimbilia porini. Kabla ya kuondoka Babu alifungua kichwa cha cherehani, akakipaka mawese, akakifunga kwenye magunia na kukizika. Walipotoka porini miezi mingi baadaye hakuikumbuka tena sehemu ile, maana nyasi zilikuwa zimeota hata ndani ya nyumba. Bibi ndiye aliyehesabu hatua kutoka jiwe la jikoni, akasema chimba hapa. Kichwa kilitoka kizima. Babu alikuwa akisema wanawe wote walisoma kwa hatua zile.

Kuna wakati wazee wa mtaa walimshauri aongeze mke, kwa kuwa hadi wakati huo Bibi alikuwa amejaliwa binti watupu. Dini ilimruhusu na kazi ilimwezesha. Aliwajibu kwamba cherehani yake ina sindano moja na haijawahi kulala njaa. Shangazi, ambaye ni mmoja wa mabinti hao, alinisimulia jambo hili tukiwa tumeketi kwenye gogo, pikipiki ya kwanza inazibwa pancha, na machozi yalimtoka.

Mimi niliwajua wakiwa wazee. Kila alasiri Bibi aliukwangua ukoko wa wali kutoka chini ya sufuria, akauloweka kwenye chai ya moto hadi ulainike, kwa sababu Babu aliupenda kupita chakula chochote na meno yalikuwa yamemwisha. Macho ya Babu yalipoanza kuchoka, Bibi alimtungia uzi. Ya Bibi nayo yalipochoka, niliitwa mimi kutoka barabarani nilikokuwa nikicheza. Nilitunga uzi katikati yao, mmoja ameshika sindano na mwingine amenishika kiwiko nisitikisike, huku wanabishana nani kati yao bado anaona vizuri. Nikimaliza, Bibi alinikatia kipande cha ukoko, lakini kidogo tu. Kilichobaki kilikuwa cha mwenyewe.

Vita vya 1998 ndivyo vilivyowatenganisha. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, porini walikuwa Mai-Mai, na kati ya mji na pori raia alipita kwa kudra ya Mungu. Bibi alikuwa amekwenda Kabambare kwenye matanga ya kaka yake. Njia ikafungwa nyuma yake. Akaugua huko, dawa hakuna, akafa, wakamzika. Habari zilimfikia Babu kwa mdomo wa mchuuzi wakati majani yalikuwa yameshaota juu ya kaburi. Njia ilipofunguka baada ya 2003 alikwenda, akakaa huko mwezi mzima, akarudi. Akaendelea kwenda kila kiangazi kama zamani, na zawadi za wakwe mkononi, mpaka mwaka ambao hakurudi.

Tuliingia Kabambare jua linazama. Walitupokea kwa bukari, sombe na samaki wa mto Luama. Shangazi hakutia mkono wake kwenye sahani kabla ya kusema alichotumwa. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake, mdogo wa mwisho wa Bibi, akaomba radhi kwa niaba ya Kasongo: kwamba mzee wao amekuwa mzigo kwa watu wengine na sisi hatukufika hata kumzika.

“Inuka, mwanangu,” mzee alisema. “Mzigo gani? Huyu ameshonea watoto wa hapa nguo za shule, bluu na nyeupe, hata wasio na kitu. Alikuja kwetu kijana, akaja mzee, hakuja siku moja mikono mitupu. Mukwe alikuwa zamani. Amekufa mtoto wetu.”

Kisha akaagiza sanduku la Babu liletwe. Ndani mlikuwa na kanzu moja, miwani yenye mguu wa waya, vijiti vya uzi, na karatasi iliyokunjwa ndani ya plastiki. Ilikuwa cheti cha ndoa. Sheria ya familia ya Agosti 1987 ilitaka ndoa za kimila ziandikishwe serikalini, nao, wakiwa tayari wana wajukuu, walikwenda ofisini wakaandikishwa. Upande mmoja ni saini ya Babu, herufi za mtu aliyesoma chuo cha Korani. Upande wa pili ni kidole gumba cha Bibi, kimekandamizwa kwa nguvu hadi wino ukatapakaa. Shangazi hakuwa akijua kwamba karatasi hiyo ipo.

Asubuhi tulisoma khitma kwenye baraza, watu wa Kasongo na wa Kabambare tukigawana juzuu. Baadaye tulipelekwa makaburini. Wamelala mmoja upande wa mwingine, mawe ya mto yamepangwa kuzunguka yote mawili, na mbuzi walikuwa wameyasukuma mengine.

Hapo ndipo mazungumzo yalipokolea. Shangazi alisema tutaleta saruji kiangazi kijacho tujenge ukingo, na Kasongo italipa kila kitu. Mjomba wake alikataa katakata. Saruji mlete nyinyi, alisema, lakini mchanga, mawe na mikono ni vyetu, hawa ni watu wetu pia. Dereva wangu akaingilia kwamba pikipiki hubeba mfuko mmoja, au miwili bila abiria, na njia ile ikilowa hata huo mmoja haufiki. Walipiga hesabu muda mrefu, wamesimama katikati ya mbuzi, wakakubaliana mifuko minne na mwezi wa Julai. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe la shule alitoa daftari mkobani akaandika yote, Kasongo ukurasa wa kushoto, Kabambare wa kulia, na Shangazi akamwambia asisahau kuandika jina la atakayechunga mbuzi hadi wakati huo.