Waya wa Chumba cha Nyanya

Siri ya mtungi, husema wahenga, iulize kata. Nyumba ya baba yangu viungani mwa mji wa Nakuru ilikuwa na siri moja ukutani, na kata iliyoijua ilikuwa mimi peke yangu. Niliificha kwa miaka 22.

Mwaka 1999 nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa plasta, ikisubiri rangi. Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nikingoja kuitwa chuoni. Baba alikuwa ameshikilia jambo lililowachekesha majirani: vyumba vinne viwe na soketi za simu, ilhali nguzo ya simu iliyo karibu nasi ilikuwa mbali kule barabarani. Sababu yake aliijua mwenyewe. Babu alipofariki, habari zilimfikia baba mdogo huko Mombasa mazishi yakiwa yamekwisha. Tangu siku hiyo nyanya hakuwa na ombi jingine ila kuisikia sauti ya kitindamimba wake. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na kwake mwendo wa kutoka kitandani hadi sebuleni ulikuwa safari. Kwa hivyo soketi ya chumba chake ndiyo iliyotajwa kwanza, kabla ya ile ya sebuleni.

Fundi wa stima alinichukua niwe msaidizi wake. Mzee yule hakuwa na cheti, lakini alikuwa mwalimu kuliko wengi walionifunza baadaye. Ni yeye aliyenieleza kwamba simu ya waya haitegemei stima ya nyumbani. Umeme wake hutoka katika kituo cha simu, takriban volti 48, ndiyo maana giza likiingia mtaa mzima simu hiyo huendelea kunena. Alinikanya nisizishike nyuzi zake wakati simu inalia, kwa kuwa umeme wa mlio una nguvu zaidi na waweza kukurusha mkono. Aidha, hakukubali katu waya wa simu upite katika paipu moja na wa stima, kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya mngurumo unaoharibu mazungumzo.

Lililomshughulisha zaidi ni mpango wa nyaya zenyewe. Ilikuwa rahisi kuvuta waya mmoja kutoka soketi moja hadi nyingine, kama shanga katika uzi, na gharama ingepungua. Yeye alikataa. Alitaka kila chumba kiwe na waya wake kutoka kisanduku kimoja ukumbini. “Kijana,” aliniambia, “mmoja ukifa, wenzake wasife nao.”

Siku ya mwisho fundi alikwenda mjini kununua skrubu, akaniachia chumba cha nyanya. Paipu ya chumba hicho ilikuwa na kona mbili. Kwenye kona ya pili waya ulikwama. Badala ya kurudi nyuma na kuulegeza, nilivuta kwa pupa ya ujana. Ulikatika, nikabaki na kipande cha mita moja hivi mkononi, kingine kikasalia ndani ya ukuta. Roli lilikuwa limekwisha. Baba alikuwa amepima na kununua kiasi kilichohitajika, hata futi moja ya ziada hakuna, na nilimjua alivyohesabu shilingi zake mwezi ule. Basi nilikirudisha kile kipande tunduni, nikazifunga ncha zake kwenye soketi, nikakaza vizuri. Ukitazama upande wa soketi, waya upo. Ukitazama upande wa kisanduku, waya upo. Kilichokosekana kilikuwa katikati.

Fundi aliporudi alinipa betri na taa ndogo nijaribu. Huunganisha nyuzi mbili upande mmoja, ukagusisha betri na taa upande wa pili; taa ikiwaka, waya ni mzima. Nilijaribu vyumba vitatu. “Na cha mama mzee?” aliniuliza. Nikajibu, “Kimewaka.”

Laini ilifika mwaka 2001, baada ya barua nyingi na safari nyingi za baba ofisini. Nilikuwa chuoni wakati huo. Mhadhiri mmoja alikuwa ametueleza kwamba neno “simu” tulilipata kutoka Kiajemi, na kwamba asili yake ni waya. Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi kalamu ilinitoka. Likizo ilipofika nilikuta simu ya sebuleni inazungumza vizuri, ya chumba cha baba vilevile, na ya nyanya ni bubu. Laiti tungalizifunga soketi kama shanga, na chumba chake kiwe cha kwanza, nyumba nzima ingalinyamaza na kosa lingalitafutwa siku hiyohiyo. Busara ya fundi ndiyo iliyonisitiri. Baba alikuwa amemwita kijana wa shirika la simu, akamfokea kuwa laini yao haina nguvu ya kufika chumba cha nne. Yule kijana alijitetea kwamba kazi yake huishia kisandukuni. Niliyasikia haya kutoka kwa mama, nikainamia chai yangu.

Baba mdogo alipiga simu kila Jumapili jioni. Nyanya alianza kuvaa viatu saa kumi ili awahi. Kuna Jumapili simu ililia mapema, naye alikuwa bado ukumbini, mkono ukutani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ilikatika kabla hajaufikia mkonga. “Mume wangu,” aliniambia nilipomshika mkono, “hii simu yenu ina haraka kuliko mimi.” Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2002.

Mwaka 2006 wezi wa shaba walikata nyaya za barabarani, na laini yetu haikurudi tena. Hakuna aliyeililia sana. Kila mmoja alikuwa na simu yake mfukoni, simu isiyo na simu, kama ningethubutu kumtania mhadhiri wangu.

Mwaka 2021 baba, sasa mzee wa fimbo, alitaka intaneti iwekwe katika chumba kilichokuwa cha nyanya, ambacho mpwa wangu alikitumia kusomea. Kijana aliyekuja alifurahi kukuta paipu tayari. Alifunga uzi wa kuvutia kwenye waya wa zamani, akaenda upande wa kisanduku, akavuta. Waya ulitoka haraka mno, mwepesi, bila ule uzi nyuma yake.

Baba aliuokota. Aliitazama ile ncha iliyokatika, akaigeuza mara mbili karibu na miwani yake. Nilifungua kinywa nikamweleza yote, tangu roli lililokwisha hadi taa ambayo haikuwaka. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya, akiukunjakunja ule waya kidoleni.

“Yule kijana wa simu,” akasema hatimaye, “nilimtukana bure.”