Kuziba Kasha la Tumbaku

Siandiki haya kuisifu tumbaku, maana madhara yake mwilini yajulikana. Naandika juu ya kasha na mzee mwenye kasha.

Baba mkwe wangu akaa Kasulu. Analo kasha la mninga, lililochongwa na marehemu kaka yake, ambamo huweka majani ya tumbaku ya kuwakirimia wageni. Hapa Buha, tangu Juni hata Septemba, mvua hukoma na hewa hukauka. Jani likikauka mno huwa unga mkononi. Likilowa mno huota ukungu. Mwaka jana majani yote yalivunjika, na fundi mmoja akamshauri achome kasha, anunue la bati. Mzee akaniambia, "Mwalimu, kaka yangu hakuniachia kitu kingine." Basi tukaazimia kulitengeneza.

Kwanza yapasa kujua ufa ulipo. Usiku tulitia tochi ndani, tukafunga kifuniko, tukazima taa. Mwanga ulitokeza katika pembe mbili na chini ya kifuniko. Sababu ni hii: ubao ukikauka hupungua upana, wala urefu haupungui ila kidogo sana; ndipo viungo huachana. Kwa hiyo si vema kuziba kwa kitu kigumu, kwani mvua zikirudi ubao hufura, na usipopata nafasi hupasuka.

Tulichagua nta, tuliyoipata kwa warina asali wa Kibondo, maana nta ni laini, hufuata mwendo wa ubao. Huyeyuka katika joto la digrii 62 hata 64 hivi. Tuliiyeyusha katika kopo ndani ya maji ya moto, kwa kuwa juu ya moto wenyewe yaweza kuwaka. Tukaipaka viungoni kwa nje, na chini ya kifuniko tukabandika ukanda wa ngozi.

Kisha tukaweka ndani kikombe cha chumvi iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito. Chumvi hiyo hushika unyevu wa hewa iliyofungiwa karibu na 75 kwa 100. Kipimo kilipokaa hapo siku tatu, tulijua hewa haipenyi tena. Tukaitoa chumvi, tukatia kigae kilicholoweshwa, kwa kuwa tumbaku yataka 70 hivi.

Walimu wenzangu, mambo ya mvuke na hewa tunayoyaandika ubaoni yamo katika makasha ya wazee wetu. Tuwapeleke watoto wakayatazame huko, nao wazee watafurahi kuulizwa.