Chupa ya Maji ya Mto Ngong

Chupa ilikuwa ya soda, ya nusu lita, na niliisuuza mara tatu kabla ya kwenda kuijaza maji machafu. Mama alinitazama bila kusema neno. Maji ya kusuuzia tulikuwa tumeyanunua kwa mtungi, maana wiki ile mifereji ya ploti yetu ilikuwa mikavu, na hapa Tassia, Nairobi, mtungi wa maji hauna bei ya ujirani. Lakini ujumbe wa wanafunzi wa chuo waliotualika kwenye mazungumzo ya mazingira ulieleza wazi: kila mgeni alete maji ya mto ulio karibu na kwake, na chupa iwe safi, tusije tukapima uchafu wa chupa.

Ilikuwa Septemba 2023. Mwanzoni mwa mwezi huo, tarehe 4 hadi 6, marais walikuwa wamekutana KICC katika mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu tabianchi, na redio ya jirani ilishinda ikitaja kaboni na mabilioni ya dola. Mimi nilikuwa nimemaliza Fomu 4, namsaidia Mama kwenye kibanda cha mboga, na sikuwa nimewahi kuvuka lango la chuo kikuu chochote.

Niliteremka mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mto Ngong huanzia upande wa misitu ya Dagoretti ukiitwa Motoine, ukaingia Nairobi Dam karibu na Kibera, ukapita Viwandani na Mukuru, kisha ndipo ukatufikia sisi. Nilifunga kopo kwenye ufito nikachota. Maji yalikuwa meusi, na juu yake palielea utando wenye rangi za mafuta. Niliikaza chupa, nikaifunga kwa kipande cha leso kuukuu, nikaipakata ndani ya matatu kama mtu aliyebeba mayai.

Harufu ilitoka vivyo hivyo. Tulipoiacha Outer Ring na kuingia Jogoo Road, mzee aliyeketi kando yangu alifungua dirisha.

"Binti, umebeba nini?"

"Ni maji ya mto, mzee. Nayapeleka chuoni, kuna mazungumzo ya mazingira. Nisamehe kwa harufu."

Alikaa kimya mpaka karibu na Makadara. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa kijana, Donholm ikiwa bado shamba la ng'ombe, aliwahi kuoga katika mto huo huo. "Wape hayo maji, na uwaambie nilioga humo," alisema. Nikamwahidi.

Kutoka mjini nilikwenda kwa miguu, nikafuata Uhuru Highway chini ya nguzo za Expressway hadi Museum Hill, nikapanda kuelekea chuoni, kampasi ya Chiromo. Kilichonishtua kwanza ni baridi ya kivuli. Miti ya Chiromo ni mikubwa, na Mto Nairobi unapita kandokando ya chuo. Nilisimama nikasikia maji yakienda juu ya mawe. Nimeishi karibu na mto maisha yangu yote, na sikujua kwamba mto una sauti. Wetu umekabwa na takataka hata hausikiki.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa watu wapatao arobaini. Sehemu ya kwanza ilikuwa hotuba, na sitaisimulia, kwa sababu ingeweza kutolewa katika mji wowote duniani. Mambo yalibadilika chupa zilipopangwa mezani, kila moja na jina lake kwenye utepe: Ondiri, lile bwawa la Kikuyu unakoanzia Mto Nairobi, Chiromo, Gikomba, Dandora. Yangu iliwekwa kando kidogo, kwa kuwa ni ya mto mwingine, ingawa mito hiyo miwili huja kukutana huko mashariki mwa jiji na kumiminika katika Athi. Maji ya Ondiri yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Ukisogea chupa baada ya chupa, rangi inakolea, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwanafunzi mmoja alieleza weusi ule kwa maneno niliyoyaelewa. Vijidudu vinavyokula kinyesi na masalio hutumia oksijeni iliyomo majini. Mzigo ukizidi, oksijeni inakwisha, samaki wanakufa, na vijidudu vya aina nyingine, visivyohitaji hewa hiyo, vinashika zamu. Hivyo ndivyo vinavyotoa gesi inayonuka kama yai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo matopeni, tope linakuwa jeusi. Alipofika kwenye chupa ya Dandora alitaja utafiti wa UNEP wa mwaka 2007: watoto 328 waliokaa karibu na jaa la taka la huko walipimwa damu, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kilichokubalika. Chumba kilinyamaza.

Kisha akanigeukia. "Haya ya Tassia umeyachota saa ngapi, siste?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba laiti ningeyachota usiku yangekuwa tofauti, kwa sababu kuna usiku mto hugeuka rangi, mara wekundu, mara povu jeupe, na asubuhi umesharudia weusi wake. Mama hutambua usiku huo kwa macho kuwasha. Yule mwanafunzi aliacha kuandika. Wao walikuwa wakipima mchana, siku za masomo. Mhadhiri aliyekuwa nyuma alivuta kiti karibu, akaniuliza ni mara ngapi kwa mwezi, na kama kuna mtu anayeweka kumbukumbu. Nikamweleza pia habari ya mzee wa matatu. Aliiandika.

Ni mhadhiri huyo aliyetukumbusha kwamba Wangari Maathai alifundisha anatomia ya mifugo katika chuo hiki, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Alikuwa akitafiti kupe wanaoeneza ndigana. Akiwafuata kupe mashambani ndipo alipoona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo mwekundu, akatambua kwamba ng'ombe walikuwa na adui mkubwa kuliko kupe. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti 7. Nilishtuka kusikia Kamukunji. Ni upande wetu, njia ya kurudi Eastlands.

Kwa hiyo sikupanda matatu moja kwa moja. Nilikwenda Kamukunji kwa miguu, nikasimama uwanjani huku mafundi wa jua kali wakigonga masanduku ya bati, chupa tupu mkononi. Niliwaza jinsi mtu anavyoweza kuacha maabara akifuata kupe, akafika mtoni. Kisha nikashika njia ya Muthurwa, na jioni hiyo Mama alitundika kalenda mlangoni, tukaanza kuandika usiku wa macho kuwasha.

Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Nairobi. Mto Ngong ulipanda usiku ukaingia ploti za chini, na asubuhi tulikuta magodoro yamening'inia kwenye miti. Maji yalipopungua, wale wanafunzi walikuja Tassia wakiwa na gambuti na vifaa vyao, pamoja na mhadhiri. Mkutano wa pili haukuwa na kiti hata kimoja. Tulisimama ukingoni, majirani wakazungumza kwanza, na mwenye mkokoteni wa maji akaeleza ni visima gani vilivyoanza kunuka.

Mama alitangulia mbele yao na kalenda yake kwapani. Akawaonyesha alama ya tope ukutani, juu kidogo ya kiuno chake, kisha akawauliza kama wamebeba chupa za kutosha.