Kutoka Kilwa hadi Njombe: Safari ya Kidato cha Tano

Anayetoka pwani kwenda Njombe katika mwezi wa Julai hubadilishiwa nchi mara tatu kwa siku moja. Alfajiri bado yumo katika joto la Mbezi, penye Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Mchana hulipita bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, ambako wauza vitunguu huyakimbilia madirisha ya basi. Jioni hushuka mahali ambapo pumzi humtoka mtu kama moshi. Ni zaidi ya kilometa 700, na kwa wenzetu wa Kilwa kuna nyingine karibu 300 za kufika Dar es Salaam kwanza. Mwanzoni mwa Julai barabara hiyo hujaa matranka, magodoro yaliyokunjwa na ndoo, kwani ndio msimu wa waliochaguliwa kuingia kidato cha tano kuripoti shuleni.

Safari hii tulifuatana na familia mbili za Kilwa. Moja ilikuwa ikimsindikiza kijana wa kiume hadi Iringa, akiwa na mjomba wake. Nyingine ilikuwa ya baba na mama wakimpeleka binti yao Njombe.

Tangu mwaka wa fedha 2022/23 Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake, na kheri hiyo imewafungulia mlango wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Hata hivyo, fomu ya maelekezo ya kujiunga ina kurasa zake. Humo mna nauli, sare, godoro, shuka, rimu ya karatasi, fagio, jembe au fyekeo, fedha ya tahadhari, na fomu ya uchunguzi wa afya ya kujazwa na mganga. Wazazi wengi huisoma fomu hiyo kama orodha ya dukani. Wakishapiga alama ya mwisho, huona mtoto yu tayari.

Mjomba wa yule kijana alikuwa na jambo lake moyoni, naye alilitoa tulipokuwa tukipita Chalinze. Mpwa wake alipangiwa tahasusi ya masomo ya sanaa, ilhali nyumba nzima ilikuwa ikimwita daktari tangu darasa la pili. "Jamani, si wangembadilishia tu?" aliuliza. Mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi kiti cha mbele alimgeukia, akamweleza kwa upole kwamba baada ya matokeo ya kidato cha nne hutolewa muda wa kubadili machaguo katika mfumo wa Selform, kabla majina hayajapangwa. Muda huo nyumba nyingi huupitisha katika kupongezana. Aidha, tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwamo zenye masomo ya dini, kwa hiyo ushauri wa mtu aliyesoma zamani, anayezijua PCB na HGL peke yake, hautoshi tena. Kijana mwenyewe alikuwa akitazama nje. Alipoulizwa, alijibu kwamba historia ndiyo aliyoijaza kwa mkono wake, na kwamba hajapata kumwambia mtu kuwa anataka udaktari. Mjomba alinyamaza mpaka Morogoro.

Mikumi ilitupa tembo wawili upande wa kushoto, na vibao vya kuwaonya madereva juu ya faini za kugonga wanyama. Baada ya hapo barabara hushuka kwenye joto la Ruaha, kisha huanza kuukwea Mlima Kitonga. Hapo malori hutambaa, mabasi huyafuata nyuma, na abiria wapya hulishika kila kona kwa macho. Ukifika juu, hewa ni nyingine. Tuliposimama Iringa tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, pembeni mwa kibanda cha chakula, mwenye kibanda akiwa ametutandikia mkeka bila kuombwa. Kwa binti ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuswali swala ya msafiri. Baba yake alimweleza papo hapo jambo ambalo vijana wengi wa bweni hukosea: ruhusa hii ni ya njiani. Katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne au zaidi, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi, naye ataswali kwa ukamilifu. Mwanafunzi anayekwenda kukaa muhula mzima hana rakaa za kupunguza bwenini.

Hapo Iringa tuliagana na kijana na mjomba wake. Mjomba alikuwa amembebea mwenyewe tranka.

Kutoka Mafinga misonobari husimama safu kwa safu pande zote mbili, na baridi huanza kupenya kwenye kanga. Tulifungua mzigo wa binti kutafuta sweta. Tulikuta tende, bizari ya pilau, mitandio minane, chandarua na shuka nyepesi mbili. Mama alicheka, kisha akakaa kimya, maana aliyeufunga mzigo ni yeye. Nyanda hizi huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai, na katika vilima vya juu zaidi umande huganda juu ya majani. Makambako tulimnunulia blanketi zito na masweta mawili ya mtumba. Mama muuzaji alitusalimu "Kamwene!" na mama wa Kilwa akajifunza kuitikia hivyo hivyo.

Baba ndiye aliyekuwa na uzito zaidi. "Ndugu zangu," alituambia gari lilipokata kona kuelekea Njombe, "sikumzuia mwanangu kusoma. Ila wazee wa mtaani wameniuliza, binti wa miaka kumi na minane unampeleka nchi isiyo na ndugu hata mmoja, nani atamwamsha Alfajiri? Nimekuja nione anakolala. Nikiona hapafai, ninarudi naye." Hatukumpinga. Sisi twaona kwamba swali la wale wazee ni zuri, lakini jibu lake haliwezi kupatikana Kilwa. Mabinti wetu wengi wamepoteza nafasi zao kwa jibu lililotolewa barazani na watu ambao hawajaiona shule wala kumpigia simu mkuu wake. Na wengine wamepelekwa bila swali lolote kuulizwa, jambo ambalo nalo halina sifa.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa shuleni. Matroni, ambaye si Muislamu, alitupokea na kututembeza yeye mwenyewe. Baba aliuliza maswali aliyoyaandika nyuma ya bahasha: wanafunzi wa Kiislamu wanaswalia wapi, Ijumaa inakuwaje, kipindi cha dini kiko siku gani, nani anachinja, na Ramadhani daku linapikwa na nani, kwa kuwa Ramadhani mbili zitamkuta huko kabla ya mtihani wa Mei wa kidato cha sita. Matroni alijibu moja baada ya jingine. Kuna chumba cha darasa kinachotumika kwa swala. Jikoni hupokea majina ya wafungaji kutoka kwa kiongozi wa wanafunzi wa Kiislamu. Kuhusu machinjo hakuwa na hakika, akamwita mpishi, naye alieleza kwamba nyama huletwa na mchinjaji wa mjini ambaye ni Muislamu. Kisha matroni alimwita binti wa kidato cha sita, mwenyeji wa Tunduru aliyekuja kwa njia ya Songea, akamkabidhi mgeni. Wale wawili walishikana mikono na hatukuwaona tena kwa saa nzima.

Waliporudi, mambo madogo yalianza kujitokeza, yale ambayo fomu haiyataji. Binti alizoea kuamshwa na adhana ya simu, na simu haziruhusiwi shuleni. Atahitaji saa ya mkononi na ratiba ya swala iliyoandikwa, tena ya Njombe, kwa sababu huku jua huchelewa kuchwa kwa takriban robo saa kuliko Dar es Salaam, na anayefuturu kwa ratiba ya pwani atakuwa ameila saumu yake mchana. Kibla nacho kwa pwani ya Dar es Salaam ni kaskazini karibu sawasawa, ilhali hapa huelemea kidogo upande wa mashariki. Maji ya bomba alfajiri ni kama barafu. Mwenyeji wa Tunduru alimwonyesha khofu zake za ngozi: huzivaa akiwa na udhu kamili, kisha kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake hupangusa juu badala ya kuosha miguu. Mama alisikitika kwamba hakuzinunua Kariakoo. Kuhusu taulo za kike, hukumu za hedhi na kulipa siku za saumu, alimshika binti mkono wakaenda kando. Hayo, alituambia baadaye, alitaka kuyasema tangu mwaka jana na kila mara akaona bado mapema.

Binti mwenyewe alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa ya Kiingereza. Katika shule yake ya kata walimu walifafanua mengi kwa Kiswahili, na huku alisikia kwamba hata viranja hupanga foleni ya bwalo kwa Kiingereza. Yule wa Tunduru alimwambia kwamba naye alilia wiki mbili za mwanzo, kisha akaanza kuandika maneno kumi kila usiku baada ya prepu.

Baba alizunguka nyuma ya bweni peke yake, akarudi akiwa ameshika ile bahasha. Alimwita mwanawe, akanyoosha mkono juu ya paa la bwalo kumwonyesha kibla, akamtaka naye anyooshe wake. Kisha akauliza ofisi ya mhasibu iko wapi, akaenda kulipa fedha ya tahadhari.