Nyumba ya Nyasi ya Kasubi

Wasomaji wapenzi wa Fizi na Baraka, ninyi hamna haja ya kuelezwa lubunga ni nini. Ni nyumba ya wanaume katikati ya kijiji: nguzo za miti, paa la nyasi, na moto chini yake. Hapo wazee hukata mashauri, na hapo vijana husikia habari za mababu. Tena mwajua jinsi vita vilivyozuka mwaka 1996 vilivyowafukuza watu wengi, wakavuka Ziwa Tanganyika na kukaa katika kambi za Kigoma kama ile ya Nyarugusu. Basi, leo twawaongoza mpaka kwenye nyumba nyingine ya nyasi, kubwa mno, ambayo iliteketea kwa moto ikasimamishwa tena.

Kilima cha Kasubi kimo katika mji wa Kampala, nchini Uganda. Mgeni huingia kwa kupita nyumba ya mlango iitwayo Bujjabukula, ambayo ni ya walinzi. Karibu nayo ipo nyumba ya ngoma za kifalme. Mbele yake hufunguka uwanja uliozungukwa na ua wa matete na nyumba ndogo za wanawake wa ukoo wa kifalme, ambao kazi yao ni kutunza mahali hapo. Ng'ambo ya uwanja yasimama nyumba yenyewe, Muzibu Azaala Mpanga. Ni ya duara, upana wake mita 31 hivi, na kimo chake mita 7 na nusu. Paa lake nene lashuka hata kukaribia ardhi, na aingiaye huvua viatu.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa I, yule aliyewapokea Mapadre Weupe mwaka 1879, mwaka mmoja kabla wenzao hawajaanza kazi Masanze, pande zenu. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na jumba likawa kaburi. Baadaye alilazwa humo mwanawe Mwanga, ambaye katika utawala wake waliuawa Wafiadini wa Uganda. Yeye alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Akafuata Daudi Chwa mwaka 1939. Kisha Mutesa II, rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa kwao mwaka 1971.

Ndani, pazia la nguo za magome ya mti huficha makaburi. Nyuma yake huitwa kibira, yaani msitu, kwa maana Waganda hawasemi kwamba Kabaka amekufa: husema ameingia msituni. Ukiinua macho darini utaona mizingo 52 iliyosukwa, nayo ni mfano wa koo 52 za Buganda. Wala si kila mtu aruhusiwaye kuifanya kazi hiyo. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Mbega, na kuipamba mizingo ni haki ya ukoo wa Chui. Mtoto hujifunza kwa kumtumikia mzee wake.

Mwaka 2001 Kasubi iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliishika nyumba ile, na paa lote likateketea. Mwaka huohuo Kasubi ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka 10, na mwaka 2023 ndipo ilipoondolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Miongoni mwa waliosaidia ilikuwa serikali ya Japani, kwa fedha na kwa mafundi wenye kujua jinsi ya kuzikinga nyumba za namna hiyo na moto. Wajapani wenyewe wana hekalu la kale liitwalo Ise, la miti mitupu na paa la nyasi. Tangu mwaka 690 wana desturi ya kulijenga upya kila baada ya miaka 20, katika kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, ingawa nyakati za vita desturi hiyo ilikatika. Mwaka 2013 walilijenga mara ya 62. Hivyo mbao zake ni changa, na hekalu ni la kale. Kwani kila mara kijana hufanya kazi pamoja na mzee, naye akiwa mzee humfundisha mwingine.

Hilo ndilo neno la kuwaza huko kwenu. Nyasi zikiungua, nyingine zitaota masika yajayo. Bali fundi akifariki bila mwanafunzi, hasara yake haina dawa. Kijana aliyekulia kambini, au mjini chini ya mabati, atajuaje mti upi hufaa kuwa nguzo ya lubunga, nyasi zipi hudumu, na nani ana haki ya kukaa wapi? Majibu hayo yamo vichwani mwa wazee walio hai. Enyi wazazi, wapelekeni vijana wenu kwao mwaka huu, wakakate nyasi na kuezeka pamoja nao, maana mzee hangoji.