Ukifika Wales, usiogope majina ya milima

MTU anayekijua Kiingereza barabara huenda akadhani hatatatizika akizuru Wales, nchi ndogo inayopakana na England upande wa magharibi. Lakini mwonyeshe kibao kilichoandikwa Yr Wyddfa umwambie asome. Atajiuma ulimi!

Wengi husoma Kiwelshi kana kwamba ni Kiingereza. Wewe msomaji, unayesema Kiswahili, una nafuu kubwa.

Herufi dd ni dh ya dhahabu. Herufi f moja ni v ya vita. Zikiwa mbili, ndiyo f ya fedha. Ch ni kh ya kheri, kama waitamkavyo watu wa Pwani. Na mkazo, kama kwetu, aghalabu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Basi Yr Wyddfa ni "Ar Widhva", ile Ar ikitamkwa kwa ufupi. Pen y Fan, wenye mita 886, ni "Pen a Van". Crib Goch ni "Krib Gokh", yaani ukingo mwekundu. Nyekundu ni coch, lakini hapa imegeuka goch kwa kufuata nomino, kama kwetu -ekundu inavyokuwa mwekundu au chekundu.

Kigumu ni ll, kama katika Carnedd Llywelyn. Weka ulimi kama unayetaka kusema l, kisha pulizia hewa kandokando yake bila sauti.

Cadair Idris hausumbui: "Kadair Idris", kiti cha Idris. Huyu si Nabii Idris, bali ni jitu la hadithi. Husimuliwa kwamba anayelala huko usiku mmoja huamka mshairi au mwendawazimu.

Haya si mchezo wa maneno tu. Katika sensa ya 2021, ni asilimia 17.8 tu ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliosema wanaweza kuzungumza Kiwelshi. Mwacha mila ni mtumwa, na Wawelshi wanalijua hilo. Novemba 2022, wasimamizi wa mbuga ya taifa ya Eryri waliamua kuuita mlima huo mrefu zaidi nchini humo, wenye mita 1,085, Yr Wyddfa badala ya Snowdon. Mwaka 2023 mbuga ya Brecon Beacons nayo ikarudia jina la Bannau Brycheiniog.

Kwa hivyo ukifika huko, mwombe mwenyeji akutamkie jina polepole, nawe ulirudie. Ukikosea atakusahihisha, na atafurahi kwamba umejaribu.